Raba Zangu na Jiko la Homa Bay

Rafiki yangu, usinione mkali bure. Jumapili iliyopita mume wangu alichukua raba za binti yetu zilizolowa mvua, akaziegemeza kwenye jiko la makaa ili zikauke upesi. Nilimfokea mbele ya wageni hadi chai ikapoa vikombeni. "Ni viatu tu, mama watoto," akasema, akinitazama kama asiyenijua. Viatu tu! Maneno hayo niliyasikia mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na minne, na bado yananichoma.

Nililelewa na nyanya kijijini Suna, karibu na Migori, miaka ya tisini. Alikuwa hanitumi mahali nikaenda kwa kutembea. Mtoni mbio, kwenye kinu cha kusaga mbio, na nikirudi nakuta omena, vile vidagaa vya ziwani, zinalia kwenye mafuta. Nilipoanza kushinda mbio za shule, nyanya alipeleka mbuzi wake soko la Ogwedhi, na wiki hiyo hiyo akaninunulia raba za buluu za mtumba, kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la viatu mjini Migori.

Mzee yule ndiye aliyetufundisha kuzitunza. "Mama, hizi zimeshikwa na gundi," alimwambia nyanya. "Gundi na moto haviivi chungu kimoja. Zikilowa, toa soli ya ndani, jaza gazeti, weka kivulini penye upepo. Gazeti likishika maji, badilisha."

Nyanya hakujua kusoma, lakini hayo aliyashika kama sala. Aliomba magazeti ya zamani kwa jirani aliyekuwa karani, akayahifadhi chini ya godoro. Kila niliporudi nimelowa tulikaa mlangoni tukiviringa karatasi na kuzisokomeza ndani ya raba hadi vidoleni, mvua ikipiga mabati. "Polepole, nyathina," alikuwa akiniambia. Mwanangu, polepole. Raba zile zilidumu mwaka mzima.

Kisha nikachaguliwa kwenda mashindano Homa Bay, mita elfu tatu. Mwalimu wa michezo alitwambia kwamba mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana atakuwepo, na watatu wa kwanza atawapa nafasi shuleni kwake. Nyanya alinifungia magazeti kwenye mfuko wa nailoni.

Tulisafiri kwa lori lisilo na turubai, mvua ikatupiga njia nzima. Tulipofika mchana kwenye shule tuliyopangiwa kulala, nilitoa soli za ndani, nikajaza gazeti, nikaweka raba dirishani, upepo wa ziwa ukiingia. Mwalimu akanikuta.

"Unafanya nini? Kesho saa nne utakimbia na maji?"

"Mwalimu, nyanya alisema zikaushwe polepole."

"Kumbe nyanya yako ndiye kocha!"

Wenzangu wakacheka. Akazinyakua kwa kamba, akaenda nazo jikoni, akazipanga juu ya mawe ya jiko lililokuwa likichemsha maharagwe. Nilimfuata nikimsihi. Hata mama mpishi alisema, "Mwalimu, hizo zitaungua." Akamjibu, "Mama, wewe pika." Mimi akanifukuza.

Aliponirudishia, jua lilikuwa halijatua. Ncha zilikuwa zimejikunja juu, kitambaa kimekakamaa kama samaki wa kukausha, soli zimeachama. Aliziona, rafiki yangu. Alizigeuza mkononi akaziona vizuri. "Ni viatu tu," akasema. "Funga na kamba."

Kesho yake nilimwomba nikimbie pekupeku, nilivyozoea tangu utoto. Akakataa, eti nitaaibisha shule. Basi nilikimbia nimefungwa kamba ya katani miguuni. Mzunguko wa tano nilikuwa wa pili. Wa sita soli ya kulia ikang'oka, nikajikwaa, nikaanguka kifudifudi. Nilimaliza wa tisa, goti likivuja damu. Yule mkuu wa shule hakuuliza hata jina langu.

Jumatatu, kwenye gwaride, mwalimu alisimama mbele ya shule nzima akasema, "Tungeshinda, lakini kuna wasichana wasiojua kutunza vitu." Hivyo tu. Mtu mzima, mwenye mshahara na tai shingoni, akamtwisha mtoto kosa lake.

Jumanne nyanya alikuja mwenyewe, zile raba zikiwa kwenye kikapu. Mlango wa ofisi ya walimu ulikuwa wazi, nami niliyasikia yote kutoka darasani. "Mwalimu," alisema, "mimi sikusoma. Lakini nikielezwa kitu, nasikia. Wewe ulielezwa." Mwalimu akacheka. Mwalimu mkuu akamshika nyanya mkono kwa heshima nyingi, akamtoa nje. Hakuna aliyemwomba radhi. Mwaka uliofuata mwalimu yule alipandishwa cheo. Mimi sikukimbia tena.

Watu huniambia niyasahau. Ya mwalimu labda ningeyasahau. Lakini nyanya alipotoka ofisini, amebeba viatu vilivyoungua, tulikuwa tumetoka nje kwa mapumziko, na watoto wakaanza kumcheka. Alisimama upande wa pili wa uwanja akinitafuta kwa macho. Nami nikajificha nyuma ya darasa, kwa aibu. Akaenda zake peke yake. Jioni alinisongea ugali, akanipakulia omena kama siku zote.

Nyanya hayupo sasa. Nyumba yake ilibomoka, na uwanja wa shule umemegwa, pamejengwa vibanda vya biashara. Haukuwa uwanja mkubwa. Mimi ndiye niliyekuwa na mbio kuliko wasichana wote wa shule ile, na sikuweza kuuvuka nimfikie.