Kisanduku cha Sentimita

Alifika asubuhi kwa bodaboda kutoka mashamba ya Kibaigwa, kanga imelowa hadi magotini. Mimba ya miezi saba, chupa ya uzazi imepasuka, uchungu haujaanza. Mama mkwe wake alimfuata nyuma akimgombeza kwa kubeba ndoo ya maji.

Mimi ndiye niliyekuwa mkunga wa zamu katika kituo chetu cha afya, na nilijua la kufanya. Chupa ikipasuka mapema namna ile, mama humpimi kwa vidole. Unaingiza spekulamu safi, kile chombo cha kupanulia uke, unamulika tochi, unaangalia njia ya uzazi kwa macho, basi. Vidole, hata ndani ya glavu, husukuma wadudu kuelekea kwa mtoto. Wanafunzi niliwafundisha hilo kwa ukali, mmoja nikamliza.

Lakini spekulamu zote zilikuwa bado zinachemshwa. Dereva wa gari la wagonjwa la kumpeleka hospitali ya mjini alikuwa anapiga honi, na fomu ya rufaa ina kisanduku chake: njia imefunguka sentimita ngapi? Wiki iliyotangulia nilikiacha wazi, nikapigiwa simu kutoka mjini nikasemwa kama mtoto wa shule. Mimi kusemwa siwezi. Nikavaa glavu, nikapima kwa vidole, nikaandika: mbili. Kwa mwandiko mzuri kabisa.

Huko mjini mama alishikwa na homa siku ya pili. Mtoto wa kiume alizaliwa, akaishi siku tatu, akafa kwa maambukizi. Siwezi kuapa kwamba ni mkono wangu. Maji yakishavuja, wadudu hupanda hata wenyewe. Wala siwezi kuapa kwamba sio, na hilo linanitafuna mpaka leo.

Miezi miwili baadaye walirudi wote wawili, wameniletea karanga za shukrani.

"Mwambie, nesi," mkwe akasema. "Mwambie ndoo ndiyo iliyomuua mjukuu wangu. Mimi hanisikii."

Yule binti alinitazama, anasubiri. Nilitaka kusema ndoo haina kosa. Lakini wangeniuliza, sasa kosa ni la nani? Niliona aibu, nikaogopa.

"Mimba ijayo usibebe vitu vizito, mama," nikasema.

Akapiga goti pale sakafuni, machozi yanamtoka. "Nisamehe, nesi. Ulinihangaikia bure."

Nikamwambia nimemsamehe.