Anamtafuta Mama Aliyeshona Mlima

Saa tisa alasiri ukungu umeanza kuteremka kutoka msituni, na Susan Igoki anapanda kijia kinachoelekea kituo cha kununulia majani chai hapa Kibugu, Embu, kikapu mgongoni. Wenzake wamejaza majani mabichi. Chake kina televisheni.

Ameifunga kwa leso mbili, kioo kimelala mgongoni mwake.

“Majani nilileta mapema,” anasema akihema. “Hii ni safari ya pili. Ile ya kwanza ni ya kiwanda, hii ni yetu.”

Anaitua juu ya meza, anachukua umeme kwenye kibanda cha jirani na kuchomeka flashi. Wakulima wanavuta magunia wakalie. Lori la kiwanda halijafika. Huenda likafika sasa hivi, huenda likafika jioni, na aliyeahidiwa saa kamili basi na ajue ametaniwa.

Katika kungoja huko ndiko filamu fupi za katuni zilikopata makao. Za dakika saba, nane, nyingi bila neno hata moja.

“Muvi ndefu zilituletea shida,” Susan anaeleza. “Lori inafika tu jambazi ameingia kwa nyumba. Watu wanaenda bila kujua kama mwenye nyumba alikufa. Wiki mzima mnabishana! Hizi fupi zinaisha majani bado hayajanyauka.”

Ana umri wa miaka 49 na amechuma chai tangu ujana wake. Bonasi ya chai ilipotoka mwaka juzi, majirani walinunua mabati. Yeye alinunua televisheni ya mitumba, na wapo waliomcheka mpaka kanisani. Sasa waliocheka ndio wanaowahi kiti cha mbele.

Mwandishi wa makala haya alifika akiamini katuni ni za watoto. Aliondoka akipangusa macho na kusingizia ukungu.

Lakini mtafuta cha mvunguni sharti ainame, na Susan ameinama sana. Filamu hizi hazionyeshwi na stesheni za runinga, na sokoni hakuna anayeziuza. Zake hutoka Nchiru, Meru, anakosoma bintiye Carol, kwenye duka la muvi la kijana aitwaye Mwongera.

“Wateja huuliza kwa jina la staa,” anasema Mwongera. “Sasa katuni ya dakika nane, staa ni nani? Siku ya kwanza nilimwambia, ‘Mathe, hiyo si muvi, hiyo ni tangazo.’ Akaniuliza, ‘Tangazo ya nini?’ Nikamwekea kwa flashi.”

Tangu siku hiyo, kila katuni fupi anayoikuta imejificha kati ya muvi nyingine humwekea Susan.

Mojawapo ilikuwa ya mama mzee ambaye mlima wake unapasuka baada ya mvua. Anatoa sindano, anatunga uzi, anaanza kuushona. Mvua inafumua, yeye anashona tena. Ni hayo tu. Walioiona bado wanaisimulia kwa mikono.

Aliyeguswa zaidi ni Ednah Gichovi, mwenye umri wa miaka 71, ambaye wote hapa humwita Shosho, yaani nyanya. Maporomoko ya ardhi yalikuwa yamezoa nusu ya shamba lake la chai. Alijifungia nyumbani, akaacha hata kwenda kanisani. Susan alimbembeleza aje kituoni, japo akae tu.

“Nilimuona huyo mama na sindano yake nikasema, Ngai, huyu ni mimi,” anakumbuka Ednah. “Lakini mimi sina uzi. Nikapanda nyasi ya nepia. Laini kwa laini, vile alikuwa anashona.”

Nyasi hizo leo zimeshika udongo. Anayepita huko chini huziona zimejipanga kwa mistari kama gunia lililoshonwa vizuri.

Kisha filamu ikapotea, na kosa ni la Kibugu kabisa.

Kila majina ya watengenezaji yalipoanza kupanda kwenye kioo, watu waliinuka kukimbilia foleni ya mizani, na mara nyingi mtu alijikwaa kwenye waya. Susan akamwomba Mwongera akate majina yote, ya mwanzo na ya mwisho.

“Nilimwambia, ‘Toa hiyo maandishi, hakuna mtu anasoma,’” anasema, macho chini.

Msimu wa mvua uliopita, flashi ilidondoka kikapuni mwa mtu, ikapakiwa loriini pamoja na majani, ikaenda kiwandani. Wanakijiji hutania kwamba kuna mahali mtu ameshainywa. Mwongera naye alikuwa amefuta nakala yake apate nafasi. Jina la filamu hawalijui, wala la aliyeichora, wala nchi yake. Majuto ni mjukuu.

Carol ameitafuta mtandaoni kwa maneno “mama anashona mlima”, akaletewa mafundi cherehani.

Susan hana raha. Mtoto wa jicho amefunika jicho moja la Ednah na la pili limeanza kufifia.

“Huyu Shosho lazima aione tena,” anasema. “Mimi ndio nilikata majina. Mimi ndio nitaitafuta.”

Mwisho wa mwezi huu atakwenda Nchiru, televisheni kikapuni. Carol na wenzake wamempatia chumba awaonyeshe wanafunzi filamu zake, kisha atasimama mbele yao aisimulie ile iliyopotea, mshono kwa mshono. Huenda mmoja wao akawa ameiona.

Leo filamu ya mwisho imekwisha na majina, ambayo siku hizi hayakatwi tena, yanapanda kwenye kioo. Honi inalia. Dereva, Ndwiga, anachungulia dirishani.

“Akina mama, mizani! Mnangoja nini?”

Hakuna anayeinuka. Susan anayasoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine, majina ya kigeni yanayomtia kigugumizi. Anaporuka moja, Ednah, aliyeketi karibu kabisa na kioo, anamgusa gotini.

“Rudia hilo, Mama Carol,” anasema. “Pengine ndiye alimchora yule mama.”

Susan analirudia. Ndwiga anazima injini.