Sarafu Iliyosuguliwa

Fundi wa saa wa mtaa wa Shituru hunusa kila chuma kabla ya kukitazama, na vidole vyake vinene hushika vitu vidogo utadhani vitaumia. Siku Emérance alipomletea sarafu ya kale aliyoachiwa na marehemu baba yake, fundi aliinusa, akaiweka chini ya lenzi, akaigeuza taratibu.

“Ni ya Waroma wa zamani kabisa,” akasema kwa ile sauti yake ya chini. “Nani aliisugua?”

“Ni minye niliisugua, papa. Nilitumia ndimu na majivu. Nilitaka ingare.”

“Sura ya mfalme imetoka yote, mama. Ilikuwa ya bei kali. Sasa inabaki shaba tu.”

Emérance akaichukua sarafu, akaibana kifuani. Fundi alinyanyuka, akamwachia kiti chake pekee, kisha akageukia ukutani na kujifanya anatengeneza saa, ili mama yule alie bila kutazamwa.