Jina Moja, Diplome Moja

Kwetu jina la kienyeji halichaguliwi. Mtoto wa kiume wa pili ana jina lake linalomngojea kabla hajazaliwa, na hakuna mtaa wa Butembo usio na watu kumi wanaoitwa hivyo. Mimi ni wa pili kwa baba yangu. Mtoto wa baba mukubwa, yaani kaka yake baba, naye ni wa pili kwa baba yake. Tulibatizwa siku moja kule Masereka, na katekista, kwa uvivu wake, akatupa sote wawili jina la mtakatifu mmoja. Jamaa walicheka sana siku ile. Mimi sicheki.

Yeye alinizidi miaka miwili, lakini tulisoma kalasi moja, Butembo. Nilikaa kwa baba mukubwa kwa sababu wazazi wangu walibaki Masereka na viazi vyao. Baba mukubwa alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki, na mtoto wake alilipenda duka lile kuliko kitabu chochote. Pikipiki ikipita tu barabarani, alikuambia ugonjwa wake bila kuiona. Mwalimu akimuuliza neno, alitazama dirisha.

Mimi nilikuwa mtu wa hesabu, ila sikujua bado kama hiyo ni kazi. Vita ya pili ya Kongo ndiyo iliyonionyesha, ona maajabu! Mwalimu wetu wa hesabu alikimbilia Uganda na jamaa yake yote, na wadogo wa mwaka wa pili wakabaki wiki nzima mbele ya ubao mtupu. Prefe wa shule akanikuta koridoni, akanipa chaki.

"Ingia mule, fundisha. Bakipiga makelele, uniite."

Hawakupiga makelele. Nyuma kulikuwa na msichana ambaye walimu wote walishamhesabu kuwa mjinga. Nilimwita mbele. Nikaweka maharagwe manane upande mmoja wa meza, na upande wa pili matatu pamoja na mengine niliyoyafunika kwa kofia. Nikamwambia pande mbili ziko sawasawa, aniambie chini ya kofia kuna mangapi, bila kuifunua. Akahesabu maharagwe kwa kidole. Akaondoa matatu huku, akaondoa matatu kule. Akasema matano, akainua kofia mwenyewe.

"Aka! Kumbe ni hii tu?"

Kalasi nzima ilicheka, naye akacheka kuliko wote. Nilitoka mule na chaki bado mkononi, nacheka peke yangu. Nilifundisha miezi miwili, na sikutaka tena kitu kingine, si duka, si dhahabu, si upadri ambao mama aliuombea novena. Nilitaka kusimama mbele ya ubao hadi nizeeke.

Njia ilikuwa moja tu: mtihani wa Leta, yaani wa serikali, diplome ya kumaliza sekondari, kisha chuo cha walimu. Tulifanya mtihani sote wawili. Lakini nchi ilikuwa imekatwa vipande, sisi tuko upande wa waasi, na karatasi zinasahihishwa Kinshasa. Zilienda kwa kuzunguka, na majibu yalikawia mpaka watu wakaanza kusema ndege ilianguka nayo. Yalipofika, jina letu lilikuwa mara moja tu. Nadhani mtu wa bureau, ofisini kule Kinshasa, aliona jina lilelile mara mbili, shule ileile, akafikiri ni kosa la mashine, akafuta moja. Mtu wa kwetu asingefuta.

Kando ya jina kulikuwa na namba. Kila mwanafunzi alikuwa na fishi, kikaratasi chenye namba yake ya mtihani, ambacho ndicho cha kuchukulia diplome. Nilikimbia nyumbani, nikaitoa yangu kwenye Biblia, nikasoma tarakimu moja moja. Ilikuwa namba yangu. Nilipiga yowe hadi mama mukubwa akatoka jikoni na mwiko, akidhani askari wameingia.

Jumapili, baada ya misa, jamaa walikaa kikao. Baba yangu alikuwa ameshuka kutoka Masereka. Baba mukubwa alisema polepole, kama anapanga bidhaa.

"Leta imetoa diplome moja. Ni ya jamaa. Donc, mudogo atapita namna gani mbele ya mukubwa? Batu batasema nini? Huyu wangu aingie kwanza kwa chuo. Weye uko na akili, mwaka kesho utarudilia mutihani, utapita tu."

"Baba mukubwa, lakini namba ni yangu."

"Namba ni ya Leta. Mutoto ni wa jamaa."

Nilimtazama baba yangu. Huyu ndiye aliyejisifu kwa majirani kwamba mtoto wake anafundisha angali mwanafunzi. Alikuwa ameinama, anachuna tope lililokauka kwenye viatu vyake. Mbele ya kaka yake hakuwahi kuinua sauti.

"Patia mukubwa wako ile karatasi," akasema. "Usitupatishe haya."

Niliitoa. Hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyenitisha, na hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Niliiweka mwenyewe kwenye kiganja cha mtoto wa baba mukubwa, naye akaipokea kama mtu anayepewa dawa chungu. Hata asante hakusema. Hakuitaka! Aliyeitaka ni baba yake, apate msomi wa kuonyesha kwa wafanyabiashara wenzake.

Mwaka kesho? Mwaka kesho waasi walipigana wenyewe kwa wenyewe, shule zikafungwa. Nikatumwa Manguredjipa, kwenye machimbo, kumnunulia baba mukubwa dhahabu, na huko nikamaliza miaka mitatu kwenye matope. Niliporudi nilikuwa na mke, na nani angevaa tena shati jeupe la mwanafunzi? Leo nauza vipuri Beni, kwenye duka la pili la baba mukubwa. Wateja wananisifu kwamba hesabu zangu haziendi kombo. Nawashukuru kwa mdomo, moyoni nawatukana.

Naye mtoto wa baba mukubwa ni mwalimu wa hesabu, hapahapa Beni. Saa ya mapumziko anakuja dukani, anageuzageuza pistoni mikononi, ananusa mafuta. Siku moja akaniambia, "Ndugu, mimi ningekuwa hapa dukani, tungekuwa tumefika mbali." Nilitaka kumpiga na ileile pistoni. Nikampa kiti.

Kisha binti yangu akaingia kalasi anayoifundisha yeye. Alirudi na daftari, hesabu moja imekatwa kwa wino mwekundu. Niliifanya upya juu ya kaunta, kwenye kipande cha boksi. Binti yangu alikuwa amepata. Tena alipita njia fupi, safi, ambayo hakuna aliyemfundisha. Nilifurahi hata nikamsahau mteja aliyesimama pale.

"Papa, nilikosa wapi?"

"Haukukosa."

Uso wake uliwaka. "Basi kesho nitamuonyesha mwalimu, mbele ya kalasi yote!"

Nilimwona kichwani mwangu mwalimu huyo na chaki yake, akiaibika mbele ya watoto hamsini. Nikaona jamaa wote wamekaa Jumapili, wananingoja mimi niseme nilimlea vipi mtoto huyu.

"Hapana," nikamwambia. "Ule ni baba yako mukubwa. Andika vile yeye aliandika."

Alilaza daftari juu ya kaunta. Halafu akachukua kalamu, akaanza kukata jibu lake, mstari kwa mstari, na mimi nikamshikia daftari lisiteleze.