Maji ya Moto Kiwandani

Nilipomaliza shule, baba yangu, askari polisi kutoka kaskazini tuliyekaa naye Naguru, alinitafutia kazi katika maabara ya kiwanda cha maziwa, chini ya kilima cha Bugolobi. Mkuu wa maabara alikuwa Mganda wa makamo, mpole, niliyemwita ssebo, yaani bwana kwa Kiganda. Miaka hiyo ya utawala wa jeshi vipuri havikuja tena, sabuni ilikuwa ya shida, na maziwa yalichacha kabla ya kufika madukani.

Alinionyesha sababu. Alichovya kipande cha kioo kwenye maziwa ya tangini, akakiacha humo, kisha akakisuuza, akakitia rangi, akaniambia nichungulie kwenye hadubini.

"Hivyo vidoa ni bakteria," alisema. "Lakini hawakutangulia wao. Protini ya maziwa ndiyo hujibandika kwanza, utando mwembamba usiouona. Bakteria wanakuja, wanaugusa, bado wanaweza kuondoka. Wakikaa wanatoa ute wao, na hapo kuwang'oa ni kazi."

"Si tumwage maji ya moto, ssebo?"

"Ukianza na ya moto unaipika protini juu ya chuma, kama yai kwenye sufuria kavu. Baridi kwanza. Moto baadaye."

Asubuhi moja wanajeshi waliingia na lori. Sajenti alimwita mkuu wangu uani, nami nikamfuata.

"Mzee, hii gari sisi naosha kila siku, lakini harufu narudi. Nyinyi naosha tangi namna gani?"

Sakafu ya lori ilikuwa ya chuma. Kwenye pembe damu ilikuwa imekauka. Wote tulijua lori hilo lilibeba nini.

Mkuu wangu aliitazama ile sakafu. Kisha akasema, kwa upole wake uleule, "Maji ya moto, afande. Yachemke kabisa. Tunayo hapa."

Akawafungulia mwenyewe bomba la boila. Mvuke ulipopanda na ile harufu yake, nilikimbilia ndani nikanawa uso kwenye sinki. Alinifuata akanipa kikombe cha maji.

"Umenisikia nilivyowaambia?"

"Ndiyo, ssebo."

"Hukunisikia."

Haukupita muda akachukuliwa sokoni Kalerwe, mchana, watu wakitazama mboga zao. Kama ni kwa ajili ya lile lori au jambo jingine, sijui mpaka leo. Mkewe alikuja kwetu Naguru kuuliza kama mumewe aligombana na mtu kazini. Nilimpeleka uani nikamweleza yote.

"Ile damu ilitoka?" akauliza.

"Haikutoka, mama. Lori nimeliona tena. Sakafu imekuwa nyeusi."

Akaitikia kwa kichwa. Alirudi kwao bila maiti ya kuzika. Mimi nikapewa meza ya mumewe na koti lake jeupe, ambalo lilikuwa bado na jasho lake kwenye kola. Sikulivaa, wala sikuthubutu kulifua.