Wanataka nishike titi nimlaani mjukuu ili atoe figo

Admin, jina langu lifiche, ukali wangu uache ulivyo. Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, naishi huku Chamwino. Shule sikuingia hata siku moja. Anayeniandikia nimemwonya asinilainishie maneno.

Nina wajukuu wawili wa kiume. Mama yao alifariki yule mdogo hajaota hata jino, nikamweka kwenye titi langu kavu mpaka likatoa maziwa, na mkubwa naye akalidandia. Wote nawaita waume zangu.

Walipokua wakagombea shamba la zabibu. Mdogo akamkata kaka yake panga la mkono, mbele yangu. Vidole vitatu vikaanguka kwenye vumbi. Kuku akaja kudonoa kimoja, nikamuua kwa jiwe. Mdogo akafungwa, na tangu atoke jela hawajasalimiana.

Sasa huyo mdogo figo zote zimekufa. Anasafishwa damu hospitali ya mjini, uso umevimba, kila akila anatapika. Nilimsihi kaka yake akapime, akaenda. Wanalingana. Akarudi akaniambia, "Bibi, vidole alishachukua. Figo nayo aje na panga aichukue mwenyewe."

"Mume wangu, mwenzio atakufa."

"Afe. Daktari aliniita peke yangu, akasema nikikataa watawaambia ndugu kwamba sifai, hakuna atakayejua. Sitaki kufichwa. Nataka ajue ni mimi niliyemnyima."

Kwetu, aliyekunyonyesha akishika titi akakulaani, umekwisha. Basi mdogo wangu wa kiume, mtoto wa mama yangu, akanijia. "Dada, lishike mara moja tu. Kwa kuogopa laana atatoa hata zote mbili, na kwa daktari atasema ameridhia."

Nilimchapa mwiko wa ugali mdomoni, jino likatoka. "Toa ya kwako, mbwa wewe!"

"Mimi nina presha, dada!" analia, anatema damu.

Nikaenda hospitali. Nilitaka kumzaba mgonjwa kofi, nikakuta mipira imemjaa mwilini, nikakosa pa kupiga. Akaninong'oneza, "Bibi, usimlaani kaka. Lakini naogopa kufa."

Nisipolishika, nazika mmoja. Nikilishika, mkubwa anakatwa mara ya pili, na safari hii panga ni mimi. Siku hizi kanga ya kifuani naifunga mafundo mawili, mkono usije ukajisahau.

Nyie mliolea, niambieni: nifungue, au niache hivi hivi? Wa kunitukana anitukane, ila anijibu kwanza.