Fundi turbo wa Irbid na mke anayemsikilizia injini

Saa tatu asubuhi, katika eneo la viwanda la Irbid, kaskazini mwa Jordan, boneti ya Honda Civic nyeupe iko wazi na Mufleh Rawashdeh ameinama ndani yake mpaka kiunoni. Mkono mmoja umeshika tochi. Mwingine umelala juu ya bomba la alumini linalopeleka hewa ya turbo kwenye injini. Kwenye kiti cha dereva ameketi mwanamke aliyevaa jilbabu la bluu, miwani ya kusomea ikining'inia kifuani kwa kamba. Ni Inaam, mke wake.

Inaam anakanyaga mafuta taratibu. Injini inapanda, turbo inaanza kupiga mluzi. Anafumba macho, anasikiliza, kisha anatoa mkono dirishani na kuonyesha kwa kidole: kushoto, chini. Mufleh anahamisha tochi, anapenyeza bisibisi na kukaza klipu ya mpira wa hewa. Kidole cha dirishani kinarudi ndani na dole gumba linachukua nafasi yake.

Hakuna aliyesema neno. "Akinisemesha hapo nilipoinama, simsikii," anaeleza Mufleh huku akijifuta mikono kwa kitambaa. "Kidole nakiona."

Mafundi wenzake wanamwita Baba Muntasir, kwa jina la mtoto wake wa kwanza ambaye ni muuguzi huko Aqaba. Ana umri wa miaka hamsini na tatu. Kazi yake ni kufunga turbo, feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kushindilia hewa kwenye injini, kwenye magari madogo ambayo kiwandani yalitoka bila hicho kitu.

Vijana hununua seti nzima: turbo, manifodi ya kuibebea, mabomba, rejeta ya kupoza hewa na nozeli kubwa za petroli. Vyote huja vimepangwa vizuri kwenye maboksi, na mwenye gari huvileta akiamini kwamba kilichobaki ni kukaza nati tu.

"Kufunga si kazi," anasema Mufleh. "Kazi inaanza ukishawasha gari."

Na kwa kazi hiyo ya kutafuta ubovu, alikuwa na jina. Watu walileta magari kutoka Ramtha, Mafraq na Ajloun ili tu ayasikilize. Alikuwa akisimama kando ya boneti na glasi ya chai mkononi, anaomba watu wanyamaze, halafu anataja gasketi iliyoungua au mpira uliopasuka. Wakifungua, wanaukuta pale pale aliposema. Geji alikuwa nazo, lakini zilikaa kabatini.

Nawwaf, mnyoosha bodi wa gereji ya jirani ambaye hawezi kukaa nusu saa bila kumtania mtu, anakiri kwamba kwenye hilo hakuwahi kumpata Baba Muntasir. "Nilikuwa nalegeza kitu makusudi nimjaribu," anasema. "Anakijua kabla hajamaliza chai yake."

Masikio hayo yalianza kuondoka bila kuaga. Grenda, nyundo na ekzosi zisizo na sailensa zilikuwa zimeyala miaka mingi, na kilichoondoka kwanza ni sauti nyembamba: birika linapochemka, simu, shomoro wa asubuhi. Ngurumo nzito zilibaki, na ndizo zilizomdanganya.

"Injini nilikuwa naisikia vizuri kabisa," anasema. "Sasa nitajuaje kwamba kuna kitu sikisikii?"

Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Inaam ana sauti ndogo, nyembamba, ambayo hata mwandishi huyu ilimbidi aisogelee. Alikuwa akimuuliza mumewe jambo, mumewe anaendelea kutazama televisheni. Anarudia, hajibiwi. Hatimaye akaacha kuuliza.

"Nilisema basi, amenichoka," anasimulia Inaam. "Nimekaa naye tangu nikiwa msichana, watoto wamekua, mwanamume hataki tena kusikia sauti yangu. Sikugombana naye. Nilinyamaza tu, nikawa napika na kupakua."

Walikaa hivyo karibu miaka sita, kila mmoja akimheshimu mwenzake na kila mmoja akiwa peke yake.

Kilichovunja ukimya huo ni ile Civic nyeupe. Mwenyewe ni Ghaith Haddad, mwoka mikate wa Husn, mji wa jirani, kijana mwenye mikono mipana na nyusi ambazo unga hauzitoki. Kila masika madereva wa kujifurahisha hushindana kupanda mlima upande wa Ajloun, na Ghaith alikuwa ameshiriki mara mbili akiwa wa mwisho. Mwaka huu alinunua seti ya turbo, akapakia maboksi kwenye gari la mikate na kuyaleta kwa Baba Muntasir wiki chache kabla ya mashindano.

Ufungaji ulikwenda sawa. Oili ilizunguka vizuri kwenye turbo na kurudi chini bila kukwama, moshi haukuwapo, na gari likawaka mara ya kwanza. Ghaith alipiga picha na kuwatumia binamu zake.

Barabarani mambo yakawa mengine. Mshale wa geji ya presha kwenye dashibodi ulipanda mpaka nusu, ukaganda hapo. Gari lilivuta kama limebeba kondoo.

Mufleh alirudi gereji na kufanya anachofanya siku zote. Aliziba mdomo wa turbo kwa kifuniko chenye kichwa cha kuunganishia mpira wa upepo, akajaza hewa ya kompresa kwenye mabomba, akaizima kompresa, kisha akazunguka gari zima akitega sikio. Kimya. Akaamua kwamba mabomba ni mazima na ugonjwa uko kwenye turbo yenyewe.

Akaishusha. Mapanga yake yalikuwa sawa na mhimili ulizunguka bila kukwaruza, kwa hiyo akairudisha. Akabadilisha kilango kinachopunguza moshi unaoisukuma turbo. Mshale ukaganda pale pale. Akarudia kipimo cha hewa, akazunguka tena, na tena hakusikia kitu.

Ghaith alikuwa akifunga tanuri mchana na kuja moja kwa moja gereji, na mkate wa moto kwapani. Siku za mwanzo alikuja na utani. Baadaye alikaa juu ya tairi kuukuu akitazama tu. Mufleh alikuwa amemwambia wazi kwamba hatamruhusu kupanda mlima na gari hilo likiwa hivyo, kwa kuwa turbo inayotafuta presha isiyoipata huzunguka kupita kiasi, na ikivunjika, vipande vyake vinaweza kuingia ndani ya injini.

Mtaa ukaanza kunong'ona. Nawwaf, kwa utani wake ule ule, alisema mbele ya watu kwamba labda ni wakati wa Baba Muntasir kurudia kazi ya kubadilisha breki pedi. Wote walicheka, Mufleh akiwemo. Siku hiyo hakula.

Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi, na mashindano yalikuwa Ijumaa. Mufleh alitoka nyumbani bila kubeba chakula. Inaam, aliyekuwa ameona sahani ya jana imerudi na chakula chake, alikaanga nyama na nyanya, akaifunga sufuria kwa kitambaa na kupanda teksi kwenda eneo la viwanda. Hakuwa na mazoea ya kwenda huko. Mwanamke huonekana pale gari lake likiwa limekufa tu.

Alipofika, Mufleh alikuwa anarudia kipimo cha hewa kwa mara ambayo hata yeye haikumbuki. Kompresa ilikuwa imezimwa. Inaam alisimama mlangoni na sufuria mkononi, akasema gesi inavuja.

Mumewe hakugeuka. Akasema tena. Ghaith ndiye aliyenyanyuka kutoka kwenye tairi na kumgusa fundi bega. "Mama Muntasir anasema gesi inavuja."

Mufleh alijibu kwamba hapo hakuna gesi, kuna gari. Inaam aliweka sufuria chini na kuwataka wazime sigara zao, maana sauti hiyo anaijua, ni ya mtungi uliofungwa vibaya. Nawwaf alikuwa mlangoni amekuja kuazima spana.

"Shemeji, hili ni gari," alisema. "Si jiko."

Inaam aliomba sabuni. Kila mtungi mpya unapofika nyumbani kwake, hupaka povu kwenye maungio kabla ya kuwasha jiko, na hakuona kwa nini hapa iwe tofauti. Akakoroga povu kwenye bakuli, akaifuata sauti polepole kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine, akatandika kadibodi na kupiga magoti. Mkono wake ukaingia nyuma ya bampa, mahali bomba linapokunja kuelekea kwenye rejeta ya hewa.

Povu likafura. Mapovu yakapanda moja juu ya jingine kama maziwa yanayochemka. Kando ya alama ya kuchomelea kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, bomba likiwa limekuja nao ndani ya boksi.

Mufleh alipiga magoti karibu na mkewe. Alisogeza kichwa mpaka povu likamgusa sikio. Akauliza kama inatoa sauti.

"Inapiga kelele, Baba Muntasir," alisema Inaam. "Huisikii?"

Akatikisa kichwa.

Ghaith anasema hakuna aliyecheka. Nawwaf aliitupa sigara yake, akaondoka, na wote walidhani amekwenda kutangaza habari. Alirudi akisukuma mashine yake ya kuchomelea alumini. Aliufunga ule ufa mwenyewe, taratibu, na alipomaliza alipuliza bomba na kuuliza kama kuna chai.

Alasiri hiyo mshale wa geji ulipanda mpaka mahali pake na kutulia. Ghaith, aliyekuwa akiendesha, aliimba mpaka waliporudi gereji.

Baada ya wengine kuondoka, mume na mke walikaa kwenye benchi la kazi na kula nyama ile imeshapoa. Inaam alimuuliza, kwa sauti ya juu safari hii, ni tangu lini. Mufleh alisema hajui. Ndipo Inaam akamwambia alichokuwa akikiamini miaka yote hiyo: kwamba amemchoka.

"Niliweka mkate chini," anasema Mufleh. "Mimi nilidhani yeye ndiye aliyeacha kuongea. Nilikuwa nawaza, nyumba imepooza tangu Muntasir aende Aqaba, mama yake ana huzuni, nimwache. Kumbe anaongea na mimi nipo kama ukuta."

Inaam anaposikiliza hadithi hiyo ikisimuliwa, hucheka, kisha huvua miwani na kuipangusa kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji.

Ghaith alipanda mlima Ijumaa na kumaliza katikati ya kundi. Kwake ilitosha. Jumamosi alileta sinia la mikate ya ufuta na kuligawa gereji hadi gereji, na kwa Nawwaf akaacha mikate miwili.

Tangu hapo Mufleh humwambia kila mteja mapema kwamba masikio yake hayashiki sauti nyembamba, na kwamba anayesikiliza ni mkewe. Mmoja aliondoka na gari lake akisema hataki injini yake isikilizwe na mwanamke. Mufleh alimfungulia geti. Wengi wamebaki, na mwezi mzuri bado unawaachia dinari mia nne hivi baada ya kodi ya gereji.

Mwanzoni watu walimwita "Fundi Inaam" kwa kejeli. Siku moja Nawwaf mwenyewe alimleta kaka wa mke wake mwenye gari linalolalamika, akamwita Inaam kwa jina hilo hilo, na safari hiyo hakuwa anatania.

Inaam sasa anatenganisha sauti bila kusaidiwa. Hewa ikivuja, anasema, ni jiko la gesi. Ekzosi ikivuja ni mtu mwenye kikohozi kikavu. Mhimili wa turbo ukilegea ni kisu kinachokwaruza sahani, na akiusikia huo huzima gari kabla hajaonyesha kidole.

"Mara ya kwanza nilipomwambia kitu na akaniamini hapo hapo," anasema, akimtazama mumewe aliyerudi kuinamia boneti, "nilirudi nyumbani nikaoka keki bila sababu."

Walikwenda pamoja kupimwa masikio. Daktari alisema mashine mbili ndogo za kusikilizia, za kuvaa masikioni, zitamrudishia Mufleh sehemu kubwa ya alichopoteza, bei yake ikiwa zaidi ya dinari mia tisa. Muntasir anatuma kidogo kila mwezi, na wanatarajia kuzichukua baada ya Ramadhani.

Lakini daktari ametoa onyo. Mashine hizo hazipendi vumbi wala grisi, na kelele za gereji zitamalizia hata kile kidogo kilichobaki. Kazini itabidi azivue na kuziba masikio. Mufleh alipolisikia hilo, anasema, alifurahi kimoyomoyo.

"Gereji ataendelea kunisikilizia yeye," anasema. "Mimi nitavaa nikifika nyumbani."

Mwandishi huyu alipomuuliza Inaam siku hiyo itakuwaje, jioni ya kwanza, mumewe ameketi na mashine zake sebuleni, alizima injini ili ajibu vizuri.

"Kuna maswali ya miaka sita hajanijibu," alisema. "Tutaanza na rangi ya ukuta wa jikoni."